Ahadi ni Deni: Historia Fupi ya Bei ya Jua na Upepo

Mjomba wangu ni fundi wa sola Mariakani. Ana daftari moja nene la jalada gumu, na humo ameandika kila kazi aliyoifanya tangu 2011: jina la mteja, paneli ngapi, betri ya ukubwa gani, arubuni aliyopokea, salio lililobaki. Mwezi uliopita nilikaa naye barazani nikilipekua ukurasa baada ya ukurasa, yeye akinywa kahawa yake na kunicheka. Haelewi mwandishi wa habari mzima anatafuta nini kwenye hesabu za fundi.

Nilichokipata kiko kwenye ukurasa wa Julai 2020. Kuna majina manne yamezungushiwa kalamu nyekundu. Wote wanne walikuwa wamelipa arubuni mwezi wa Juni, kwa bei ya Juni. Tarehe 30 Juni Rais akatia saini Sheria ya Fedha ya 2020, na msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola ukaondoka. Mjomba alipokwenda Mombasa kununua vifaa, muuzaji wa jumla akamwongezea asilimia 14. Vifaa vya wateja wale wanne vilikuwa vya shilingi 164,000, kwa hivyo nyongeza ikawa karibu shilingi 23,000.

Nikamuuliza kama aliwaambia wateja waongeze pesa.

"Niwaambie nini, mwanangu? Bei nilishaitaja."

Akabeba hasara mwenyewe. Faida ya mwezi mzima ikayeyuka. Mwaka uliofuata, 2021, serikali ikaurudisha msamaha ule ule iliokuwa imeuondoa. Mjomba hakurudishiwa hata ndururu, na wala hakutarajia.

Nimeandika habari za nishati kwa miaka kadhaa, na nimehudhuria makongamano ambapo wataalamu wanaonyesha michoro ya vivutio vya serikali: ruzuku, misamaha ya kodi, bei maalum, minada. Lakini ni daftari la mjomba lililonifanya nielewe kwamba historia yote hii, kutoka California hadi Ujerumani, Hispania hadi Turkana, ni historia ya neno moja tunalolijua tangu utotoni. Ahadi. Na sisi wenyewe tumeshasema ahadi ni nini: ni deni. Swali ni nani hulilipa.

Kwa nini jua linahitaji ahadi

Hebu tuanze na jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Jua ni la bure, upepo ni wa bure, sasa kwa nini serikali iingilie?

Mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua, ghali kuulisha. Ukiuzima, gharama nyingi zinazimika nao. Paneli na mtambo wa upepo ni kinyume chake: karibu gharama yote iko mwanzoni, kabla hata taa moja haijawaka. Unakopa leo, unalipa kwa miaka ishirini. Kwa hiyo bei ya umeme wa jua kwa kiasi kikubwa ni bei ya mkopo.

Chukua hesabu ya kawaida tu. Umekopa shilingi 100,000 kulipa kwa miaka ishirini. Benki ikikutoza riba ya asilimia 5, kila mwaka utalipa kama shilingi 8,000. Ikikutoza asilimia 15, utalipa karibu shilingi 16,000. Paneli ni ile ile, jua ni lile lile la Mariakani, lakini umeme umekuwa ghali maradufu. Kilichobadilika ni hofu ya benki. Benki huogopa kwamba mnunuzi wa umeme atageuka, kwamba bei itashuka, kwamba waziri mpya atakuja na mambo yake.

Hapo ndipo serikali inapoingia. Ikisema, "Umeme wako utanunuliwa, kwa bei hii, kwa miaka hii," na ikaaminika, hofu inapungua na riba inashuka nayo. Wakati mwingine serikali haitoi hata senti moja mfukoni mwake. Inachotoa ni neno lake. Lakini neno lina thamani kwa kadiri linavyoaminika, kama la mtu yeyote.

California: kulipia mnara

Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, Marekani ilitaka kupunguza kiu yake. Mwaka 1978 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyozilazimisha kampuni za umeme kununua umeme wa wazalishaji wadogo. Juu yake zikaja nafuu za kodi, za serikali ya shirikisho na za jimbo la California. Ukiziunganisha, mwekezaji aliyesimamisha mtambo wa upepo aliweza kurudishiwa karibu nusu ya gharama yake kupitia kodi.

Matokeo yalikuwa kama mvua ya kwanza jangwani. Kwenye vilima vya Altamont, Tehachapi na San Gorgonio ikaota mitambo kwa maelfu. Katikati ya miaka ya 1980 California peke yake ilikuwa na zaidi ya megawati 1,000 za upepo, sehemu kubwa ya upepo wote uliokuwa ukizalisha umeme duniani.

Kasoro ilikuwa moja, lakini ilikuwa msingini. Nafuu ile ililipa mnara, haikulipa umeme. Tajiri aliyetaka kupunguza kodi alihitaji mtambo usimame kabla ya Desemba kwisha. Ukizunguka, heri. Usipozunguka, kodi ameshaipunguza. Basi mitambo mingi ilijengwa haraka na kwa ubovu. Mapanga yakapasuka, giaboksi zikavunjika, na wapita njia wakazoea kuona safu za minara imesimama kimya huku upepo ukivuma.

Nafuu ya shirikisho ilikwisha mwishoni mwa 1985. Kampuni moja ya Denmark, Vestas, ilikuwa imejitanua ili kuhudumia soko lile. Shehena yake moja kubwa ikachelewa baharini, ikafika baada ya muda wa nafuu kupita, na mteja akakataa kulipa. Mwaka 1986 Vestas ikasimamisha malipo kwa wadai wake. Ilibidi ivunjwevunjwe na kujengwa upya. Likumbuke jina hili, tutakutana nalo tena karibu na nyumbani.

Mwaka 1992 Wamarekani wakarekebisha kosa la kwanza: nafuu mpya ililipwa kwa kila uniti ya umeme iliyozalishwa kweli, senti 1.5 kwa kilowati-saa, kwa miaka kumi. Lakini kosa la pili wakalibakiza. Nafuu ile ilipewa tarehe ya kufa, na Bunge likawa linaiacha ife kisha linaifufua. Ilikwisha 1999, ikafufuliwa. Ikaisha tena 2001 na 2003. Na kila ilipokufa, ujenzi wa mwaka uliofuata uliporomoka: 2000, 2002, 2004. Mafundi wanaajiriwa, mafundi wanafukuzwa. Ukitaka kujua ahadi ya msimu inafanya nini kwa kiwanda, hapo ndipo pa kutazama.

Ujerumani: sheria ya kurasa mbili

Sasa tuvuke bahari hadi Bonn, Desemba 1990. Ujerumani mbili zimeungana miezi miwili tu iliyopita. Kampuni kubwa za umeme za Magharibi macho yote yako Mashariki, zinagombea mitambo na mitandao ya nchi iliyokufa. Katika shughuli ile, mswada mdogo sana ukawa sheria. Nyuma yake walikuwepo watu wawili ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja: Matthias Engelsberger, mhafidhina wa Bavaria aliyetetea wamiliki wa mitambo midogo ya maji, na Wolfgang Daniels wa chama cha Kijani.

Mimi ni mpenzi wa maandishi mafupi, na sheria ile ni mfano mzuri. Vifungu vitano, kama kurasa mbili. Ilisema kampuni ya umeme lazima ipokee umeme wa maji, upepo, jua na mabaki ya mimea uliozalishwa katika eneo lake, na ilisema bei. Kwa upepo na jua, asilimia 90 ya wastani wa bei aliyolipa mtumiaji wa mwisho. Basi. Hakuna kamati ya kuomba kibali cha bei, hakuna kumtafuta mtu ofisini. Mkulima wa Schleswig-Holstein mwenye shamba linalopigwa na upepo wa Bahari ya Kaskazini aliweza kuisoma mwenyewe, akaichukua, akaenda nayo benki ya mji wake.

Ilianza kazi tarehe 1 Januari 1991. Mwaka ule wa mwanzo upepo wa Ujerumani ulikuwa kitu cha kuchezea. Mwishoni mwa 1999 ulikuwa umepita megawati 4,000.

Kwa jua, asilimia 90 haikutosha. Paneli wakati ule zilikuwa ghali mno. Hapo wakaja watu wa miji midogo. Aachen, kikundi cha wananchi kilichoongozwa na Wolf von Fabeck kilidai jambo lililoonekana kichaa: mwenye paneli alipwe bei inayofidia gharama yake yote, kama marki mbili kwa kila uniti, kwa miaka ishirini, na gharama igawanywe kwa wateja wote wa mji. Hammelburg, mji mdogo wa Bavaria, diwani wa Kijani Hans-Josef Fell alipigania jambo hilo hilo na kulipata 1993. Baadaye Fell aliingia Bungeni, na pamoja na Hermann Scheer wa chama cha Demokrasia ya Kijamii wakawa miongoni mwa waandishi wa sheria iliyoanza tarehe 1 Aprili 2000.

Sheria ya 2000 iliziba matundu ya ile ya 1990. Bei haikufungwa tena kwenye wastani wa soko, kwa sababu soko la umeme lilipofunguliwa 1998 wastani ulishuka na wenye mitambo wakaanza kutetemeka. Sasa kila teknolojia ilipewa bei yake. Jua lilipata pfenigi 99 kwa kilowati-saa. Bei hiyo ilidumu miaka ishirini kwa mwenye mtambo, lakini aliyejenga mwaka uliofuata alipata kidogo zaidi ya aliyemtangulia kwa chini. Kuanzia 2002 bei ya mitambo mipya ya jua ilishuka asilimia 5 kila mwaka. Angalia jinsi kitu hiki kilivyosukwa. Anayeingia leo hana haja ya kuogopa kesho. Anayesitasita hadi kesho atakuta bei imepungua. Ahadi na haraka zimewekwa kwenye sentensi moja, na hakuna mtu aliyevunjiwa neno.

Kampuni kubwa zilipozinduka zilikwenda mahakamani. Kesi iliyofika Mahakama ya Ulaya ni kichekesho kidogo cha kisheria: PreussenElektra ilimshtaki Schleswag, kampuni ambayo yenyewe ilimiliki zaidi ya nusu ya hisa zake. Yaani mzazi anamshtaki mtoto ili wote wawili wapate mwanya wa kuiangusha sheria. Machi 2001 mahakama ikasema mpango ule haukuwa msaada wa serikali, kwa sababu pesa hazikutoka hazina. Zilitoka kwa mteja na kwenda kwa mzalishaji.

Hapo ndipo utamu na uchungu vilipo. Pesa zilitoka kwa mteja. Kila nyumba ya Ujerumani ilikuwa na mstari kwenye bili yake wa kulipia ahadi ile, na mstari ukawa unarefuka. Mwaka 2017 ulifika senti 6.88 za yuro kwa uniti. Viwanda vinavyotumia umeme mwingi vilipewa punguzo kubwa, vikidai vitashindwa kushindana na vya nje. Aliyebaki kubeba mzigo alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tatu, ambaye hana hata paa la kuwekea paneli. Malipo yale yaliondolewa kwenye bili Julai 2022, ahadi za zamani zikaanza kulipwa na hazina.

Je, ilikuwa na faida? Mwaka 2000 umeme wa vyanzo visivyokwisha Ujerumani ulikuwa kama asilimia 6. Mwaka 2023 ulipita nusu. Na kuna faida nyingine, ambayo Mjerumani haioni kwenye bili yake. Ile bei nono ya jua iliunda soko, soko likaita viwanda, hasa vya China, navyo vikashindana hadi bei ya paneli ikaanguka kwa karibu asilimia 90 katika muongo wa 2010. Nimeiona bei hiyo ikianguka kwenye daftari la mjomba, mwaka hadi mwaka, kwa mwandiko wake. Mpangaji wa ghorofa ya tatu kule Ujerumani alimchangia mama muuza samaki wa Mariakani taa yake ya kwanza, na hawa wawili hawatajuana kamwe.

Hispania: jua lilipokuwa lako, halafu halikuwa

Wahispania waliiga Ujerumani, na wao jua wanalo kweli. Mei 2007 serikali ilitangaza bei nzuri sana kwa umeme wa jua, ikafanya na kampeni ya kuwaambia wananchi kwamba jua linaweza kuwa lao. Lengo lilikuwa kama megawati 400 za jua kufikia 2010. Lakini sheria haikuweka breki ya maana. Bei haikushuka paneli ziliposhuka bei, na dirisha la kuingia liliachwa wazi kwa zaidi ya mwaka huku kila mtu akijua litafungwa. Watu wakakimbilia. Mwaka 2008 peke yake zilifungwa zaidi ya megawati 2,500.

Halafu ukaja msukosuko wa uchumi. Deni la mfumo wa umeme lilikuwa limefura, na serikali ikaanza kupunguza. Mwanzoni iligusa wapya tu, na hiyo ni haki yake. Lakini mwishoni mwa 2010 ikagusa wa zamani: ikaweka kikomo cha saa ambazo mtambo uliokwishajengwa ungelipwa bei ya ahadi. Januari 2012 ikasimamisha kabisa bei maalum kwa mitambo mipya. Mwaka 2013 ikaufuta mfumo wote wa zamani na kuweka hesabu mpya ya "faida inayofaa", hata kwa waliojenga kwa kuiamini ile ya 2007.

Mifuko mikubwa ya uwekezaji ilikuwa na mawakili. Ikaipeleka Hispania kwenye mabaraza ya usuluhishi wa kimataifa, kesi kwa makumi, na ikashinda nyingi. Maelfu ya familia za Kihispania zilizokuwa zimeweka nyumba rehani ili kununua paneli hazikuweza kufika huko. Mabaraza yale ni ya mwekezaji wa kigeni. Mwananchi aliyeamini tangazo la serikali yake mwenyewe alibaki na mkopo wake na jua lake.

Nikisoma habari za Hispania huwa nafikiria kwamba kosa kubwa halikufanyika 2013. Lilifanyika 2007, siku ilipotolewa ahadi ambayo mtoaji hakuwa amehesabu kama ataweza kuilipa. Wahenga wetu walisema mapema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Serikali iliyowachoma wawekezaji wa jana bado itawahitaji wa kesho, na watakuja na riba ya juu.

Turkana: ahadi iliyokamilika upande mmoja

Kenya ilitoa sera yake ya bei maalum Machi 2008, ikianza na upepo, mabaki ya mimea na maji madogo. Ikairekebisha Januari 2010 na kuongeza jua, mvuke wa ardhini na gesi ya samadi. Ikairekebisha tena 2012.

Lakini mradi ambao kila mtu anaujua ulijadiliwa kivyake. Karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, upepo wa Ziwa Turkana hupita kati ya milima kama umefunguliwa mlango. Mkataba na Kenya Power ulisainiwa 2010: miaka ishirini, senti 7.52 za yuro kwa kilowati-saa, na umeme ukiwepo lazima ulipiwe. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012, ikihofia kwamba Wakenya wangelipia umeme wasiouhitaji. Ujenzi ukaanza 2014. Minara 365 ikasimamishwa, jumla megawati 310. Na mitambo ni ya nani? Vestas, ile ile iliyokaribia kufa kwa ahadi ya California.

Mwanzoni mwa 2017 minara yote ilikuwa tayari. Kilichokuwa hakipo ni waya. Njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikuwa jukumu la serikali, sehemu ya fedha zake zikitoka serikali ya Hispania, na mkandarasi alikuwa Isolux, kampuni ya Kihispania. Isolux ikafilisika mwaka huo huo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja upepo ulivuma, mapanga yakawa tayari, na umeme haukuwa na pa kwenda, huku mkataba ukidai malipo. Mkenya alilipia mabilioni ya shilingi ya umeme ambao haukumfikia. Njia iliwashwa Septemba 2018.

Ni rahisi kumlaumu mwekezaji hapa, na wengi wamefanya hivyo. Mimi nasema mwekezaji alitimiza aliyoandikiwa. Aliyeweka saini kwa niaba yetu ndiye aliyeahidi vitu viwili, kununua umeme na kujenga waya, kisha akakitimiza kimoja kwa wakati na cha pili kwa kuchelewa. Kuchelewa nako kuna bei.

Kisha kuna ahadi ambayo haikuandikwa kabisa. Ardhi ya mradi, ekari 150,000, ilikuwa malisho ya jamii za wafugaji wa Marsabit. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zake zilipatikana bila kufuata taratibu za sheria. Mkataba wa umeme ulikuwa na kifungu cha kila kitu: bei, sarafu, ucheleweshaji. Wenye malisho hawakuwa na kifungu.

Kuna hadithi yetu nyingine, ya kimyakimya, na si haki kuiacha. Olkaria, kule Naivasha, mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza 1981 na megawati 15. Kuchimba kisima cha mvuke ni kamari: unaweza kutumia mamilioni ya dola ukapata shimo kavu, na hakuna benki inayopenda kukopesha shimo. Serikali ya Kenya ilikubali kuibeba hofu hiyo yenyewe, na mwaka 2008 ikaunda kampuni ya umma ya kuchimba visima ili wengine waje wajenge mitambo juu ya mvuke ambao tayari umeonekana. Leo mvuke unatoa kama asilimia 40 ya umeme wetu. Huko serikali iliitafuta hofu kubwa kuliko zote ilipo, ikaiondoa, ikatulia hapo hapo kwa miaka arobaini.

Daftari

Sasa rudi nami barazani Mariakani. Kwenye daftari kuna doa jingine jekundu, la Septemba 2013. Sheria mpya ya VAT ilianza kazi mwezi ule na sola ikapigwa asilimia 16. Mwaka 2014 msamaha ukarudi. Mwaka 2020 ukaondoka. Januari 2021 kodi ikapanda kutoka 14 hadi 16 kama ya bidhaa nyingine zote. Katikati ya 2021 msamaha ukarudi tena. Mara mbili umeondolewa, mara mbili umerudishwa, katika miaka minane. Mnara wa Turkana una mkataba wa miaka ishirini. Mama anayenunua paneli moja ana msamaha unaoweza kufa kila Juni.

Sidai kwamba msamaha wa kodi ni kitu kitakatifu. Hazina ina mahitaji, na shule zinajengwa kwa VAT pia. Serikali ingeweza kusema mwaka 2014: msamaha huu ni wa miaka mitano, na baada ya hapo kodi itapanda asilimia 4 kila mwaka. Mjomba angeinung'unikia, kisha angeiandika kwenye jalada la daftari lake na kupanga bei zake. Ujerumani ilipunguza bei ya jua mwaka hadi mwaka na paneli zikaendelea kufungwa, kwa sababu kila mtu alijua kinachokuja.

Makongamano yetu hupenda kuuliza kivutio kiwe kikubwa kiasi gani. Baada ya kuisoma historia hii, nadhani swali la kwanza liwe jingine: kitadumu kwa muda gani, na nani amesaini? Ahadi ndogo inayotunzwa imejenga zaidi kuliko ahadi nono inayovunjwa. Halafu lifuate swali la pili, ambalo Ujerumani ililijibu vibaya na sisi hatujalijibu bado: bili ikija, itasukumwa kwa nani? Kwa kawaida inakwenda kwa yule asiye na wakili.

Nilipomaliza kusoma, nilimuuliza mjomba kwa nini hajawahi kuongeza kwenye bei zake kitu kidogo cha kujikinga, kwa kuwa serikali imeshamzoesha. Akaniambia ameanza. Tangu 2021 kila makadirio anayoandika ameyaongeza kidogo, kwa sababu hajui Juni ijayo italeta nini. Alisema kwa sauti ya aibu, kama mtu anayekiri kosa.

Nikaangalia ukurasa wa mwisho. Kweli, bei za vifaa alizonunulia zimeshuka, lakini anazowatajia wateja hazijashuka kiasi hicho. Ile tofauti katikati, shilingi elfu mbili hapa, elfu tatu pale, haikuandikwa kwenye sheria yoyote wala kwenye bajeti yoyote. Ni riba ya neno la serikali, na anayeilipa ni mama muuza samaki.